Kutoka shahada ya kwanza hadi uprofesa wa mawasiliano yasiyotumia waya

Ngazi zenyewe hazina siri. Kwenye vyuo vikuu vya umma Tanzania unaanza mkufunzi msaidizi, unapanda mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, kisha profesa. Vijana wengi wanaoipenda redio huzihesabu ngazi hizo kwa vyeti na miaka, baadaye wakashangaa mbona wamekwama katikati na vyeti wanavyo vyote. Kwenye fani hii anayekwama mara nyingi ni yule ambaye hajawahi kutoa namba yake mwenyewe, akaiweka mbele ya watu wanaojua, ikasimama. Ndiyo maana hapa tunakaa kwenye kurva moja ya makosa ya biti, yaani mchoro wa sehemu ya biti zinazokosewa kadiri kelele inavyobadilika, muda mrefu kuliko kwenye fomu za maombi.

GPA kwanza

Nafasi ya mkufunzi msaidizi kwenye chuo cha umma inadai shahada ya kwanza yenye GPA isiyopungua 3.8 kati ya 5. Mhadhiri msaidizi anatakiwa awe na hiyo pamoja na uzamili wa 4.0 kwenda juu. Mwenye 3.7 anaweza kuwa hodari kuliko wote maabara, lakini barua yake haifiki kwenye usaili. Piga hesabu mapema: ukimaliza mwaka wa pili una 3.5, na krediti za miaka yote ziko karibu sawa, miaka miwili iliyobaki lazima ikupe wastani wa 4.1. Linda masomo yenye krediti nyingi na mradi wa mwaka wa mwisho kabla ya kitu kingine chochote.

Aliyekosa 3.8 hajafungiwa utafiti. Anaweza kwenda kwenye kampuni za simu au kusoma nje, ila ajue kwamba akitaka kurudi kufundisha chuo cha umma, sharti la shahada ya kwanza mara nyingi linamsubiri mlangoni. Kenya mfumo ni tofauti kidogo: nafasi ya mhadhiri kwa kawaida inadai uzamivu, kwa hiyo uzito unahamia huko.

Katika masomo, matatu ndiyo yanayobeba fani nzima: uwezekano pamoja na michakato nasibu, aljebra ya mstari, na ishara na mifumo. Usiridhike na alama A tu. Chukua matriksi ya 2 kwa 2 yenye namba changamano, iwe ndiyo njia kati ya antena mbili za kutuma na mbili za kupokea. Ichambue hadi upate thamani zake mbili za pekee (singular values), kisha jieleze kwa maneno kila moja inamaanisha nini. Ukiona kwamba ni kama mabomba mawili yaliyolala sambamba, moja pana na jingine jembamba, na kwamba nguvu ya kutuma ugawe kufuatana na upana wa kila bomba, umeshaelewa kwa nini simu za leo zina antena zaidi ya moja. Usipoona hivyo, rudi kwenye daftari. Upungufu huu haufichiki ukifika uzamivu.

Kurva ya kwanza

Kazi hii ifanye mwaka wa tatu, au hata sasa kama umeshamaliza na hujawahi kuifanya. Unahitaji laptop yenye RAM ya GB 4, lugha ya programu ya Python na maktaba yake ya hesabu NumPy, vyote viwili bure.

1. Tengeneza biti 1,000,000 za bahati nasibu. Zenye 0 ziwe −1, zenye 1 ziwe +1. Hiyo ndiyo BPSK, utumaji wa biti moja kwa kila alama, na nishati ya kila biti, Eb, ni 1.
2. Chukua Eb/N0, yaani nishati ya biti ikigawanywa kwa kiwango cha kelele N0, kuanzia desibeli 0 hadi 10, ukipanda moja moja, na uongeze 9.6. Igawe kwa 10, kisha pandisha 10 kwa kipeo hicho upate namba ya kawaida. Desibeli 10 inakuwa 10. Desibeli 3 inakuwa karibu 2.
3. Tengeneza kelele ya Gauss yenye varianzi (kipimo cha mtawanyiko) ya 1 gawanya kwa mara mbili ya Eb/N0. Kwenye desibeli 10 varianzi ni 0.05, kwa hiyo sampuli za kelele zizidishe kwa 0.2236, ambao ni mzizi wa 0.05.
4. Jumlisha biti na kelele. Ikiwa jibu ni chanya, sema 1. Likiwa hasi, sema 0. Hesabu ulipokosea, gawanya kwa idadi ya biti.

Namba zinazotakiwa kutoka ni hizi: desibeli 0, karibu 0.079. Desibeli 4, karibu 0.0125. Desibeli 8, karibu 0.00019. Desibeli 9.6, karibu 0.00001. Ziandike ukutani. Zako zisipolingana na hizi, kosa liko kwako, na ukilitafuta utajifunza kuliko muhula mzima wa mihadhara.

Kwanza tazama kurva yako imesogea kiasi gani, kwa sababu kila kosa lina alama yake ya kidole. Ikiwa imehamia kulia desibeli 3 sawasawa kote, umeipa kelele varianzi ya N0 badala ya nusu yake. Hili ni la kawaida sana ukitumia namba changamano: mtu anatengeneza sehemu halisi na sehemu ya kufikirika, kila moja na varianzi ya 1, anasahau kugawanya kwa mzizi wa 2. Ukifanya 16-QAM, yaani utumaji wenye alama 16 tofauti, ikasogea desibeli 6, umechanganya nishati ya alama na nishati ya biti, maana kila alama inabeba biti 4, na logi ya 4 mara 10 ni karibu 6. Desibeli 6 hizo hizo hutokea pia kwa anayetumia sampuli 4 kwa kila alama bila kusawazisha nishati ya chujio. Kama mteremko wenyewe ndio mbaya, kurva imevutwa au imebanwa, angalia kama umetumia 20 mahali pa 10 kwenye logi: 10 ni ya nguvu, 20 ni ya ukubwa wa volti. Na kama kurva inashuka vizuri halafu inalala kama sakafu, kelele haihusiki. Alama zinaingiliana, au masafa ya mpokeaji hayalingani na ya mtumaji.

Kuna kosa jingine ambalo halionekani kama kosa. Kwenye desibeli 9.6, biti milioni moja zitakupa makosa kama 10 hivi. Ukirudia utapata 7, kisha 14, na kurva itayumba. Kanuni ya kazi ni kusubiri makosa 100 kabla ya kuamini nukta yoyote. Hapo wasiwasi unashuka hadi karibu asilimia 10. Kwa kiwango cha 0.00001 hiyo ni biti milioni 10. Kwa 0.000001 ni milioni 100, na safu moja ya ukubwa huo inakula MB 800 za kumbukumbu, kwa hiyo zigawe mafungu ya milioni moja moja, ukijumlisha makosa tu.

Sasa ongeza njia halisi ya redio. Zidisha kila biti kwa namba changamano ya Gauss yenye nguvu ya wastani wa 1, ambayo ndiyo Rayleigh, njia ambamo ishara hupanda na kufifia, jumlisha kelele changamano, kisha mpokeaji agawanye alichopokea kwa namba hiyo hiyo kabla ya kuamua kwa sehemu halisi. Namba zitakushtua: desibeli 10 inatoa 0.023, desibeli 20 inatoa 0.0025, desibeli 30 inatoa 0.00025. Kila ukiongeza nguvu mara kumi, makosa yanapungua mara kumi tu. Weka antena mbili za kupokea na uziunganishe kwa uzito unaofaa, kisha tazama desibeli 10 inavyoshuka kutoka 0.023 hadi 0.0016. Tofauti hiyo ndiyo imelisha utafiti wa fani hii kwa miongo kadhaa, na uzuri wake hauelezeki kwa mtu ambaye hajaiona ikitoka kwenye skrini yake mwenyewe.

Tahadhari moja kwenye njia inayobadilika polepole: ukishikilia thamani moja ya njia kwa biti 1,000, makosa yanakuja kwa mafungu. Makosa 100 ya fungu moja yanatokana na bonde moja tu la mawimbi, yaani kipindi kimoja cha ishara kufifia. Hesabu idadi ya mabonde uliyopitia, si makosa peke yake.

Rudia kazi ya mtu mwingine

Kabla ya kubuni chako, rudia makala moja iliyochapishwa hadi grafu yako ikalale juu ya grafu yake. Chaguo zuri la kuanzia ni ile ya Siavash Alamouti ya mwaka 1998 kuhusu kutuma kwa antena mbili. Ni fupi, hisabati yake inakaa ukurasa mmoja, na ina mtego mzuri: antena mbili za kutuma na moja ya kupokea zinakupa mteremko uleule wa antena mbili za kupokea, ila kurva iko nyuma desibeli 3, kwa sababu nguvu ileile imegawanywa kwa antena mbili. Zikikutoka bila desibeli 3 hizo, umetuma nguvu maradufu bila kujua. Wahakiki wa majarida hulinasa kosa hilo kwenye makala za watu wazima kabisa.

Msimbo wako, yaani programu uliyoandika, uweke hadharani, na maelezo ya namna ya kuuendesha kwa amri moja. Utauhitaji kwenye barua pepe tutakayoifikia.

Vifaa

Profesa wa redio ambaye hajawahi kushika redio yupo, tena wako wengi na kazi zao ni nzuri, kwa kuwa nadharia ni nusu ya fani. Lakini kwa anayeanzia Dar es Salaam, Dodoma au Mbeya, vipimo vya mahali pake ni mali ambayo mwenzake wa Stockholm hana: mabati, matofali ya saruji, mvua ya masika, minazi.

Anza na RTL-SDR, kifaa cha USB cha kupokea tu. Kile chenye chipu ya R820T2 kinapokea kuanzia kama MHz 24 hadi 1,766 kwa sampuli za biti 8, na kinatulia hadi sampuli milioni 2.4 kwa sekunde. Kinatosha kusikiliza redio za FM, ndege zinazojitangaza kwenye MHz 1,090, na kupima nguvu ya minara ya simu. Nunua chenye kristali ya masafa inayohimili joto, yenye makosa ya sehemu 1 kwa milioni. Vile vya bei ya chini kabisa huweza kukosea sehemu 50 kwa milioni; kwenye MHz 950 hiyo ni kHz 47.5, na kinazidi kuhama kadiri kinavyopata joto mkononi.

Ukitaka kutuma na kupokea, ADALM-PLUTO inafaa kwa mwanafunzi, nayo hufanya kazi MHz 325 hadi 3,800. Maabara ya chuo ikipata fedha, USRP B210 ina njia mbili za kutuma na mbili za kupokea, MHz 70 hadi GHz 6, upana wa hadi MHz 56, lakini inataka USB 3 ya kweli. Ukiona herufi O zinatiririka kwenye skrini, kompyuta haiwahi kupokea sampuli na zinamwagika; herufi U maana yake haiwahi kutuma. Punguza kasi ya sampuli kabla hujaanza kulaumu antena.

Kutuma hewani kuna sheria. Masomo mengi ya mtandaoni yameandikwa Marekani na yanatumia MHz 915, ambayo kwao ni huru, 902 hadi 928. Kwetu sisi MHz 890 hadi 915 ndimo simu za GSM zinamozungumzia na mnara. Ukituma hapo unawaziba majirani masikio, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, watakuwa na haki ya kuja. Kwa mazoezi unganisha mtumaji na mpokeaji kwa kebo ya SMA, katikati ukiweka atenyueta (kipunguza nguvu) ya desibeli 30, ili usiunguze mlango wa kupokea. Hakuna kibali kinachohitajika, na matokeo ni safi zaidi.

Kipimo cha kwanza cha maana ni upotevu wa nguvu kadiri unavyokwenda mbali. Zima udhibiti wa moja kwa moja wa ukuzaji, weka ukuzaji wa mkono, usiuguse tena. Ukiuacha wa moja kwa moja, kifaa kitaongeza sauti kila ishara inapopungua, na utaandika kwamba umbali hauna madhara. Usisimame mahali pamoja: kwenye GHz 2.4 urefu wa wimbi ni sentimita 12.5, na hatua ndogo tu inaweza kukutoa kwenye kilele ikakutia bondeni. Tembea kama mita 5, yaani mawimbi 40, chukua sampuli 40 au zaidi, fanya wastani wa nguvu (si wa desibeli), ndipo uandike nukta moja. Kwenye uwazi, ukizidisha umbali mara mbili unapoteza desibeli 6. Mtaa wa nyumba zilizobanana unaweza kukupa desibeli 10 au zaidi. Kila faili liandike tarehe, saa, masafa, ukuzaji, antena na hali ya hewa.

Uzamili na uzamivu

Karibu na nyumbani zipo njia zenye ufadhili. Chuo Kikuu cha Pan-Afrika (Pan African University) kina taasisi yake ya sayansi na teknolojia iliyoko JKUAT, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, Kenya, inayofundisha uhandisi wa umeme kwa uzamili na uzamivu. Chuo Kikuu cha Rwanda kina kituo cha umahiri cha intaneti ya vitu. Arusha ipo Taasisi ya Nelson Mandela. Ng'ambo, jua tofauti za kifedha: Uswidi na Ujerumani nafasi ya uzamivu mara nyingi ni ajira yenye mshahara, inatangazwa kama kazi, unaomba tangazo lile lile. Marekani unaomba idara, mara nyingi kufikia Desemba, unalipwa kama msaidizi wa utafiti au wa kufundisha, na safari ni miaka 5 hivi. Uingereza ni miaka 3 hadi 4, na mgeni lazima aangalie kama fedha zinafunika tofauti ya ada kati ya mgeni na mwenyeji.

Msimamizi ana uzito kuliko jina la chuo. Soma makala zake za miaka 3 iliyopita, si kichwa cha habari tu. Angalia kama wanafunzi wake huwa waandishi wa kwanza, na wanamaliza baada ya miaka mingapi. Kisha mwandikie. Barua inayosomwa ina aya fupi nne: wewe ni nani, kwa sentensi moja; makala yake ipi umeisoma na umeirudia grafu namba ngapi; kiungo cha msimbo na jambo moja uliloliona, mfano kurva ya 4 inabadilika ukilegeza dhana fulani; na swali moja, kama anachukua mwanafunzi mwaka unaofuata. Usimwite mheshimiwa mara sita, usiambatishe faili 11. Asipojibu, subiri wiki mbili, umkumbushe mara moja, uendelee na mwingine.

Makala

Mikutano mikubwa ya fani, ICC na GLOBECOM ya IEEE (chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme), hupokea makala za kurasa 6. Mkutano unakupa majibu kwa miezi michache, jarida linaweza kukukalia mwaka. Nakala ya awali iweke arXiv, hifadhi ya wazi ya makala mtandaoni, ni bure. Chuo kitahesabu pointi za machapisho, na hapo ndipo majarida ya ulaghai yanapowinda watu wetu: ahadi ya kukubaliwa ndani ya siku chache, barua inayokusifu bila kutaja ulichoandika, ankara inayotangulia uhakiki. Makala hizo zinaweza kukataliwa siku ya kupandishwa cheo, na fedha imekwenda.

Wahakiki wakikurudishia, nakili kila hoja yao, chini yake andika umefanya nini, ukurasa gani, mstari gani. Mhakiki akikosea, maana yake msomaji naye atakosea hapo hapo: rekebisha sentensi, kisha mweleze kwa upole. Hoja ngumu usiiruke ukidhani hatagundua. Yeye ndiye aliyeiandika.

Ukishapata kiti

Miaka ya kwanza ya uhadhiri inamezwa na kufundisha. Darasa la watu 150 lenye mazoezi 4 ni karatasi 600 kwa muhula. Funga asubuhi mbili za wiki kwa utafiti na uzitetee kama vipindi. Mradi wa mwaka wa mwisho ugeuze kipande cha utafiti wako: mwanafunzi mmoja apime Kijitonyama, mwingine Kibaha, wa tatu aandike programu ya kuchambua vipimo vyote. Andiko la fedha, liwe la COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia Tanzania, au la mfadhili wa nje, lijengwe juu ya vipimo ulivyonavyo tayari. Anayeomba milioni nyingi ili aanze kupima ana kazi kubwa ya kuaminika. Marekani saa inakimbia kwa namna nyingine: profesa msaidizi ana kama miaka 6, kisha anathibitishwa au anaondoka, na barua za wataalamu wa nje zina uzito mkubwa.

Barua hizo za nje zinahusika hata kwetu ukifika profesa mshiriki na profesa. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza ya uhadhiri fungua jalada moja na ulilishe kila mwezi: barua za kukubaliwa kwa makala, mchango wako kwenye kila makala yenye waandishi wengi, majina ya wanafunzi uliowasimamia na tarehe za tasnifu zao, tathmini za wanafunzi, mikataba ya fedha, ushahidi wa uhakiki uliofanyia majarida. Mchango uuandike wiki ile ile makala inapokubaliwa, na waandishi wenzako watie saini. Ukisubiri miaka 7, mmoja amehamia Oslo, mwingine hakumbuki nani alichora grafu ya tatu.